Barasa Alinichagua Mimi

Jumatano, Malaba. Mawingu mazito tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Nina aibu, na ninaiandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Leo dereva wetu Barasa amefanyiwa kikao cha nidhamu. Kosa lake ni kwamba wiki jana aliacha lori kwenye foleni ya mpaka, zamu ikampita, mwenye mzigo akawaka. Mimi ni karani wa safari, kwa hivyo barua ya kumwita niliichapa mimi. Nikaweka na ile haki ambayo sheria inampa: aje na mfanyakazi mwenzake, amchague mwenyewe.

Akanichagua mimi.

Ofisi nzima ilishangaa, maana madereva huchukua madereva wenzao. Mimi nilijua sababu.

Siku ile ya foleni Barasa alinipigia simu. "Dada, maji imeingia kwa nyumba ya mama huko Rukala. Wacha nikamtoe, kesho asubuhi niko hapa."

"Enda tu, mzee," nikamjibu. "Nitaambia boss."

Sikumwambia. Makaratasi ya malori sita yalikuwa mezani, nikasahau. Nilipokumbuka, meneja alikuwa anafoka tayari, nikaufyata.

Kikaoni meneja alimuuliza kama aliomba ruhusa. Barasa akasema aliiambia ofisi. Nani ofisini? Hakutaja jina. Hata hakunitazama. Alikuwa ananiachia nafasi niseme mwenyewe, nami nimeketi kando yake nakagua kucha zangu.

Nina watoto wawili na kibarua hiki ndicho tegemeo letu. Huo ndio utetezi wangu wote.

Mwishowe tukapewa fomu ya kutia sahihi kwamba amesikilizwa, mwenzake akiwepo. Nikatia. Tena bila kusita, na hilo linaniuma kuliko yote. Tulipotoka nje akaniambia, "Asante kwa kukuja, dada."

Asante!

Uamuzi unatolewa kesho saa nne. Meneja hufika saa mbili. Atanikuta mlangoni, nimwambie kwamba ruhusa niliitoa mimi na kwamba leo nilikaa kimya nikijua. Kama kuna barua ya kuchapwa baada ya hapo, iwe na jina langu.

Na siku nikiitwa kikaoni mimi, nitamwomba nani aje kuketi kando yangu?