Wasifu wa Mama Niliousoma Kibakwe

Kaka Zablon,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto mnaendelea vizuri huko Geita, na mguu wako ulioumia mgodini umeanza kukanyaga. Sisi huku tunapumua tu. Najua kushindwa kuja kumzika mama kunakuuma kuliko huo mguu, kwa hiyo nakuandikia yale niliyoshindwa kuyasema kwenye simu.

Watu walijaa, kaka. Wakwe zangu walikuja basi zima, wakaketishwa mbele. Nyuma walisimama mafundi wenzake mama, na miko yao na karai, tayari kujenga kaburi. Mchungaji akaniita nisome wasifu wa marehemu. Nikasoma kwamba Anyesi alikuwa mkulima hodari na mama wa nyumbani. Basi. Mama aliyejenga nusu ya nyumba za Kibakwe!

Fundi Yotham, aliyefundishwa kazi na mama, alinifuata baadaye akaniambia taratibu kwamba huyo niliyemsoma yeye hamfahamu. Wakamaliza kaburi, likanyooka vizuri, wakaondoka bila kugusa chakula.

Utauliza ilikuwaje. Ilianzia chuoni. Hiki Kifaransa ninachofundisha, ukitaja kazi ya mtu, mara nyingi neno lenyewe linaonyesha kama ni mwanamume au mwanamke. Siyo kama kwetu, fundi ni fundi. Mwaka wa kwanza tuliambiwa tutaje kazi za wazazi. Nikasema mama ni mwashi, kwa neno la kike. Mwalimu akasema neno hilo lipo ila ni nadra kulisikia. Wenzangu wakaangua kicheko, wakauliza kama mama anavaa ovaroli. Nikaona aibu. Aibu ya nini, jamani? Palepale nikageuza: baba ndiye fundi, mama analima. Uongo huo nikaubeba mpaka ukweni, kwa Joel na ndugu zake.

Hili linalofuata sijamwambia mtu, hata Joel. Siku walipokuja kuniposa, baba yake aliisifu nyumba yetu, akamwambia mama kwamba Evodia amewasimulia ufundi wa marehemu baba, bila shaka hii ni kazi yake. Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Mama alinitazama, kaka. Halafu akajibu kwamba ndiyo, mume wake ndiye aliyeijenga. Baba, ambaye hata msumari aliita watu waje kuupigilia! Walipoondoka akanipakulia chakula. Aliniambia tu kwamba nimekonda, nile.

Nakuomba ukipona uje. Siku ya kuweka msalaba usome wasifu upya, wakwe zangu wakiwepo, nami nitakaa nisikilize.

Wape wote salamu zangu. Watoto wakiuliza bibi yao alikuwa nani, uwaeleze wewe. Mimi nilipewa nafasi mbele ya jeneza lake, nikamkana.

Mdogo wako,
Evodia