Lucas, Viti vya Misheni Vimemtaja Fundi Wao

Mwaka umetimia, Lucas, Baba Devota, tangu uweke randa chini pale karakanani kwako Ngamiani, Mungu akakuita.

Kila kiti cha kale kilichoingia ulikiamkia "shikamoo", kwa kuwa kimekuzidi umri. Ulikwangua vanishi kuukuu kwa kigae cha chupa, ukapaka nta ya nyuki hadi mvule ukarudiwa na uso wake. Chai ilipoa ukiwa umepiga magoti. Msumari hukuutaka; viungo ulivifunga kwa vijiti vya mti. Ulisema waliochonga viti vya misheni hawakuwa na haraka, nawe haraka ya nini?

Vile kumi na viwili vya kanisani, vilivyoshushwa zamani na mapadri kutoka milimani, vilikuchukua miaka miwili. Mkeo Praxeda ndiye aliyekushikia upande wa pili. Hukujaliwa kuvikabidhi.

Matanga hayajaanuliwa, Eliudi, fundi mwenzako uliyekula naye sahani moja, akawaambia wazee wa kigango: "Kazi ile yangu. Marehemu alikuwa wa kupaka nta tu." Kibao chenye jina la Eliudi kikaagizwa kipigwe ukutani.

Praxeda alisali rozari yake, akaingoja siku ya kukabidhi viti, kanisa limejaa.

"Baba Padri," akasimama, "fundi atufungulie kimoja, tuone ufundi."

Eliudi akatafuta msumari wa kung'oa. Haupo. Akapiga nyundo juu, akapiga kando, mguu ukapasuka paa!

"Taratibu, shemeji, hilo si sanduku la nyanya!" akasema Praxeda.

Akainamisha kiti kingine, akagonga kijiti mara moja tu, kutokea ndani, maana vijiti vyako havitoki kwa njia nyingine. Kiungo kikaachia kimya. Watu wakaangua kicheko, na Eliudi akachomokea mlango wa sakristia.

Kibao sasa kina jina lako. Padri anatuhimiza tusamehe. Praxeda anasema atasamehe, ila asiharakishwe.

Juzi Eliudi alikuja na kilo mbili za sukari: "Shemeji, kwenye tangazo la kumbukumbu mniweke na mimi, watu wasinifikirie vibaya."

Sukari tumepokea. Na tumemweka, Baba Devota. Yumo humu, kila mtu atamsoma.

Tunaokuombea: mkeo Praxeda, wanao Devota na Abrahamu, dada yako Imakulata, na wajukuu wote.

Hufutiki mioyoni mwetu, leo wala kesho.