Kibao Kilichovaa Kanzu

Mpendwa Bi Reem, mshauri wetu,

Naomba msaada wako, na ukitaka kucheka cheka, mie mwenyewe nshacheka. Marehemu mume wangu Marhoon alikuwa na ada moja, tukienda madukani Ruwi mie ndiye dereva, yeye hushuka mbele akasimama kwenye nafasi tupu, mikono nyuma, asije mtu akaiegesha gari yake, nami nikiiona kanzu yake nyeupe najua pa kuingia. Juzi nimekwenda peke yangu, mara ya kwanza tangu nitoke eda, nimezunguka kutafuta pa kuegesha mpaka kichwa kinaniuma, mara naona kanzu nyeupe imesimama mbele ya duka la fundi cherehani, nikasema alhamdulillahi, nikaingia moja kwa moja, tena, Bi Reem, niliisalimu. Kumbe fundi kaitundika kwenye nguzo ipate hewa. Nikajicheka, nikaenda kununua iliki, kurudi nakuta karatasi ya faini kiooni. Fundi akaipandisha kanzu, chini yake kibao: hapaegeshwi.

"Sasa mie ningekionaje, nacho kimevaa?"

"Samahani, mama," akanijibu kwa Kiarabu chake cha dukani, "leo upepo mzuri."

Nikamwambia aishushe vilevile, nikapiga picha, nikaenda kulalamika ofisi ya faini. Kijana wa dirishani akatazama kompyuta. "Gari ya Marhoon. Mwenyewe yuko wapi?" Ulimi ukaniteleza, nikasema kasafiri.

"Anarudi lini?"

"Harudi, mie ndiye nitakayemfuata."

"Basi mkirudi, njooni pamoja."

Muda wa kulalamika unakwisha Alkhamisi. Nikisema kweli watalifuta jina lake kwenye gari, na hapo ndipo pa mwisho anapotajwa kama yu hai. Mwanangu Sinan anasema, "Lipa, mama, yaishe." Lakini kosa si langu. Nilipe ninyamaze, au nimfute?

Kheiria, Azaiba

Bi Kheiria,

Mungu amrehemu Marhoon, na akusamehe wewe uliyemsafirisha bila tiketi. Nimecheka kwa ruhusa yako, kisha nikaenda kunawa uso.

Usilipe. Kibao kisichoonekana hakimkatazi mtu. Picha unayo, mwombe na fundi akuandikie mstari mmoja kwamba kanzu ilikuwa yake, na akisitasita mwambie upepo ulikuwa mzuri kwake, si kwako. Kisha rudi kwa yule kijana kabla ya Alkhamisi, cheti cha kifo mkononi, umwambie ulimdanganya. Utaona haya kidogo, na unastahili. Papo hapo uliza gari inahamishwaje kwa warithi. Siku ukigongana na mtu, utasema tena kasafiri? Sinan, mwenye haraka ya kulipa, haraka hiyo aitumie kukupeleka.

Ama jina, nani kakwambia linakaa kwenye kompyuta ya watu wa faini? Mwanao ni Sinan bin Marhoon. Kila akiitwa kwa ukamilifu, baba yake anaitwa naye, na hakuna karani wa kulifuta hilo.

Marhoon kakusimamia nafasi miaka yote, mwenzangu. Hapo dirishani, simama mwenyewe.