Prof, Hiki Si Kidole cha Mama

Prof,

Nimeombwa niandike sifa zako, na wiki ya pili hii inaisha sijaandika hata mstari. Mkuu wa kitivo anataka kurasa tano za kitabu cha kumbukumbu: ulivyoanza na falsafa kule seminari, ukaingia sheria ukiwa na mvi tayari, ukamalizia kwenye kamati ya maadili ya utafiti wa hospitali. Anataka niseme kote huko ulikuwa mtu yule yule mmoja. Mimi sina hakika tena, ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza.

Ukiulizwa kwa nini hutulii kwenye fani moja, ulikuwa unasema swali lako ni lile lile, limehama nyumba tu. Nani alisema ndiyo, na alijua anakubali nini? Ulituuliza hivyo kuhusu mikataba ya mashamba, kuhusu mgonjwa anayepasuliwa, hata kuhusu mimi, siku ile nilipokubali kuwa msaidizi wako kabla hujamaliza kueleza kazi yenyewe. Nilicheka. Leo najiuliza kama ulikuwa unanitania kweli.

Wacha nikueleze ya huku. Tangu tukuzike Merigi, mvua haijapumzika. Mke wako, Mama Chebet, anaendelea vizuri, ila bado anakuwekea kikombe mezani. Mwezi uliopita aliniita nije nipange makaratasi yako. Kumbe mkuu wa kitivo alikuwa ameshakuja mara mbili kuyaulizia, na mara ya pili alikuja na pikapu ya kuyabeba. Mama Chebet alimpa maziwa ya mursik, akamsikiliza vizuri, akamrudisha mikono mitupu. Mimi nilipofika akaniambia, lile sanduku la bati chini ya kitanda ni la Moraa, mzee alisema mwenyewe.

Nilidhani ni vitabu. Nikakuta fomu. Zile fomu za ridhaa za utafiti wa damu ya wachuna chai, uliofanywa nikiwa darasa la sita, ambao kamati yako iliupitisha na ukakujengea jina. Sote tulisomeshwa huo kama mfano wa kazi iliyofanywa sawasawa: eti kila mchuna chai alisomewa fomu kwa lugha yake, akaelewa, akakubali kwa kidole chake mwenyewe.

Ulitufundisha tuanze na ukurasa wa mwisho, pale watu wanapoweka sahihi, kwa sababu huko mbele ni maneno ya wenye ofisi. Basi nikaanza na ukurasa wa mwisho. Vidole, Prof. Vidole safi, mistari yote inaonekana, na katikati ya kila kimoja kovu dogo lile lile. Nilipekua fomu baada ya fomu. Mtu mmoja alikaa mahali na kidau cha wino akawakubalia wanawake wote hao.

Nilitaka kuamini hukuona. Lakini wewe umezaliwa kwenye majani chai. Unajua kidole gumba cha mchuna chai kinavyokuwa: utomvu umekitia weusi, kimepasuka, mistari imekwisha. Si wewe uliyetusimulia darasani jinsi ile mashine ya kura ilivyokataa vidole vya wanawake wa kambi nzima ya wachuna chai, wakabaki kwenye laini wanajipangusa kwa leso? Mtu anayejua hivyo hawezi kutazama fomu zile akalala. Hapo ndipo nilianza kukushuku, na mimi nikianza sijui kuacha. Wewe ndiye ulinizoesha.

Karibu na chini ya sanduku kulikuwa na fomu yenye jina la Mama, mama yangu mzazi, aliyechuna chai maisha yake yote.

Nikampelekea Mogogosiek. Tangu astaafu kwenye shamba la kampuni anapanga chumba pale karibu na soko, na siku hiyo alikuwa mlangoni anachambua mboga za managu. Akapangusa mikono, akaweka kidole chake kando ya kile cha kwenye karatasi, akasema huyu mtu hajawahi kuchuna hata jani moja. Halafu akaongeza, kama anazungumzia bei ya sukuma wiki, kwamba yeye alishamwambia Mwalimu hivyo hivyo.

Nikamuuliza, Mwalimu gani? Akasema, huyo wako.

Ulienda peke yako, Prof, na viatu vya gambuti, mwaka niliokuwa kidato cha tatu. Ukakaa kwenye kigoda, ukatoa karatasi hii hii, ukamuuliza kama hicho ni kidole chake. Akakwambia si chake, kwamba aliambiwa damu ni ya kupima malaria, na hakuna aliyemsomea kitu. Ukamuuliza ana watoto wangapi. Akakwambia ana msichana mmoja ana mdomo sana, anataka kusoma sheria. Ukaandika jina langu.

Miaka yote hiyo Mama alidhani najua.

Kwa hiyo ulijua. Hukusema kwenye kamati, hukusema mahakamani na uwakili wako wote, hukusema hata kwenye kile kitabu chako kinene. Ulichofanya ni kutubana sisi wanafunzi: anayetafiti asome fomu mwenyewe, akae chini, angoje aulizwe swali. Pasipo swali hakuna ridhaa, ulisema, na watu walitoka mbali kuja kukusikia ukisema hivyo. Nilidhani ni falsafa. Kumbe ni aibu ilikuwa inakusukuma.

Na mimi je? Siku ya mahojiano ulitazama jina langu kwa muda mrefu, ukaniuliza Mama anachuna wapi. Nimetembea na siku hiyo kifua mbele, nikijua uliona akili. Sasa kila kizuri ulichonifanyia nakigeuza nikitazame upande wa nyuma. Ulinichukua kwa sababu ya kichwa changu, au kwa sababu damu ya Mama iko kwenye friji nisiyoijua? Inaniuma, Prof. Na wewe umeenda na jibu.

Ukashindwa kuzichoma fomu, ukashindwa kuzitoa, ukaniachia mimi. Hilo nalo ulinisomea lini? Nilisema ndiyo wapi?

Kuna siku moja tu nimeshindwa kuishuku, na nimejaribu. Tulikuwa Kipkelion, unamsomea nyanya mmoja fomu, akasinzia katikati. Ulingoja. Alipoamka ukaanza tena mwanzo kabisa, pole pole, na hakukuwa na mtu wa kukusifu ila mimi, nami nilikuwa na njaa na nimenuna.

Mkuu wa kitivo alipiga simu jana. Nikamwambia makaratasi ninayo. Hakuuliza yana nini, aliuliza nani mwingine ameyaona. Mkataba wangu wa kazi uko mezani kwake mwezi ujao, kwa hiyo najua ninachochezea. Lakini kurasa zake tano sitaandika. Jumamosi naenda kambini na majina yote. Nitawasomea wale walio hai, na watoto wa waliokufa, na nitangoja waulize. Baada ya hapo nitaandika kazi yako yote, falsafa, sheria, hospitali, na sanduku ndani yake. Hiyo nakuahidi.

Buriani, Prof. Nimekupenda kama baba, na bado sijakusamehe.

Barua hii nimemsomea Mama yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: haya maneno mke wa Mwalimu atayasikia kwa watu? Nikamwambia hapana, kesho naenda Merigi, atayasikia kwangu kwanza. Ndipo akaomba wino. Ameweka kidole chake hapa chini. Ni doa jeusi tu, halina hata mstari mmoja.

Moraa