Hata Ng'ombe Kaonekana Kuliko Mimi

Mwanamvua, nimetoka lokesheni ya ile filamu sasa hivi, nina hasira!!

Leo tulikuwa tunapiga ile sini ya Wajerumani kuchukua ng'ombe kule Haneti, mimi ndiye mama mwenye zizi. Nimelia kweli shoga. Nimemwita ng'ombe kwa jina lake mpaka sauti ikakauka.

Tukaenda kuangalia kwenye monita. Mjerumani kapigwa picha kutoka chini, uso mzima, mrefu kama mnara.

Ng'ombe naye kavutwa karibu mpaka jicho limejaa skrini. Ng'ombe!!

Mimi? Nimepigwa kutoka juu ya gari. Kisogo tu, nukta kwenye vumbi.

Nikamuuliza dairekta, "Sila, uso wangu uko wapi?"

Anacheka! "Dada, watu wanataka kumwona Mjerumani. Wewe tumekusikia, inatosha."

Tumekusikia, inatosha!! Ananiambia mimi!!

Na hadithi nilimpa mimi, ni ya kwetu. Aliyelia pale zizini ni mama yake bibi yangu.

Miaka yote ya uhai wake bibi alinisimulia macho ya mama yake siku ile. Huyo Mjerumani alikuwa na sura gani, hakuwahi kusema hata mara moja.