Swichi ya Redio ya Mama

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Huku kijijini Daudi baridi ni ya kuvaa koti ndani ya nyumba, na ukungu umeshuka mpaka kwenye shamba la maharage. Nimekaa jikoni kwa Mama, naandika kwenye simu. Naona aibu hata kumtazama.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni pale Dongobesh. Vitu vya zamani ndiyo kazi yangu. Mteja akisema kitufe hakishiki simbishii. Nafungua, napima.

Kwa Mama sikufanya hivyo.

Nilipokuja mara ya mwisho, aliniambia redio yake haiwaki mpaka abonyeze mara nyingi. Nikabonyeza mara moja, ikawaka. Nikamwambia mbele ya majirani waliokuja kunisalimia, "Mama, redio ni nzima. Tatizo ni mkono wako, unabonyeza kama unakanda unga wa chapati." Wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Mama alitabasamu tu, akaenda kuangalia chai.

Tangu siku ile hakuigusa tena. Sikujua.

Leo baada ya ibada nimeikuta juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena na tena, kwa kidole hiki hiki cha fundi wa miaka kumi na minne. Ya saba ndiyo ikashika.

Nikaifungua, nikaweka tester, kile kipimo kinacholia umeme ukipita, kwenye miguu ya swichi. Mlio unakuja, unapotea. Vibati vya ndani vinavyotakiwa kugusana vimekuwa vyeusi kwa kutu na moshi wa kuni. Swichi iliyozeeka ndiyo tabia yake: leo inashika, kesho inagoma, na ikimwona fundi inajifanya nzima. Maneno haya nawaambia wateja kila wiki. Nimevisugua kwa mswaki na spiriti, nikabonyeza mara thelathini, zote zimeshika. Kazi ya dakika ishirini.

Nikamwita Mama ajaribu. Akasema taratibu, "Washa wewe, mwanangu. Mimi mkono wangu mbaya."

Halafu akanieleza lililobaki. Rafiki yake tangu walipopata kipaimara pamoja, Mama Paskali wa Gendabi, amefariki. Watoto wake hawana namba ya mtu yeyote huku, kwa hiyo walipeleka tangazo redioni, likasomwa siku mbili. Mama amekuja kusikia sokoni, marehemu ana wiki nzima kaburini. Wawili hao walikuwa wameahidiana kwamba atakayebaki atamwimbia mwenzake siku ya mazishi.

Hakuimba.

Hajanilaumu hata kidogo. Afadhali angenigombeza, ningejua pa kuuweka uso wangu. Badala yake amewatumia wafiwa salamu kwamba alikuwa mgonjwa. Mama yangu, mzee wa kanisa, anasema uongo ili mwanawe fundi asichekwe.

Kesho asubuhi tunakwenda Gendabi kutoa pole. Watoto wa marehemu watampa shikamoo, kisha watamuuliza kama sasa amepona. Hapo ndipo natakiwa kumwahi, niwaambie kwamba hakuumwa, ni mimi niliyemfanya aiogope redio yake mwenyewe.

Nitaweza kulisema hilo mbele ya watu, au nitamwacha augue tena kwa ajili yangu?