Chupa ya Mama Mkwe

Kaisho, Kyerwa,
14 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Adelard,

Salamu kutoka nyumbani. Hujambo huko Mtwara? Lile kovu bado linakuwasha wakati wa joto? Usinifiche. Mtu aliyemkatia kaka yake kipande cha ini ana haki ya kulalamika. Sisi tunaendelea, ila nina jambo zito la kukuambia. Kwa simu ningelia nisimalize.

Figo za Privatus zimeanza kusumbua. Ini ulilompa linafanya kazi vizuri, lakini vidonge vya kuuzuia mwili wake usilikatae ndivyo vinavyolemea figo. Tuliambiwa tangu mwanzo, ndiyo maana daktari wa Bukoba alikataza miti shamba na dawa za maumivu za dukani. Mwezi huu kipimo cha figo kimepanda ghafla.

Adelard, kosa ni langu. Mama mkwe wa Privatus, Mama Adelgunda, alitoka Rugu kuja kumjulia hali, na chupa ya mubirizi mkononi, ile dawa yetu chungu ya majani. Unajua kwetu kitu cha mama mkwe hakirudishwi. Privatus alinitazama. Niliona aibu, nikamimina kwenye kikombe, nikampa mwenyewe. Akainywa wiki tatu!

Nilipomweleza daktari hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alisema hawezi kuapa kama ni mubirizi au ni vidonge. Amepunguza dozi ya vidonge kidogo. Akipunguza mno, mwili utalikataa ini. Akiiacha ilivyokuwa, figo zitakwisha. Damu itapimwa tena Alhamisi.

Jumapili Mama Adelgunda akaja na chupa nyingine. Nilipiga magoti, nikaipokea kwa mikono miwili, nikasema, "Mama, figo za mkweo haziiwezi."

Akauliza, "Kwa hiyo nimemuua?"

"Aliyemimina ni mimi, mama."

Tulilia sote wawili. Akaenda kuimwaga migombani, akaiosha chupa, akaijaza maji yaliyochemshwa, akampelekea mkwewe mwenyewe. Privatus alikunywa yote.

Msalimie Evelyn na watoto. Baba yetu, Mzee Nolasco, anakusalimu, naye bado hajui habari ya figo.

Ini lile ni lako, ndiyo maana nimekuungamia wewe kabla ya padri. Nisamehe. Mungu alilinde ulilobaki nalo, na lile ulilotoa.

Dada yako akupendaye,
Mackrine